Barakoa ni ya Watu wa Nje

Jumatatu, 12 Oktoba 2020

Bi. Nyatichi, anayetufundisha Kiswahili kule chuoni Migori, alituambia siku ya kufunga: "Andikeni shajara. Lugha isiyofanyiwa kazi huota kutu." Hiyo ilikuwa Machi. Sijaandika hata neno. Leo watoto wa darasa la nne na la nane wamerudi shule, nimewaona wakipita na barakoa zimening'inia sikio moja moja, nikaona aibu. Sisi tutaitwa Januari, wanasema. Wanasema mengi.

Haya. Mimi ni Lynnet, na hapa ni nje kidogo ya Kendu Bay, kwa Dani. Dani ni nyanya yangu, mama wa marehemu baba. Ana sukari, ana presha, na mguu mmoja huvimba akikaa sana. Redio inasema mzee mwenye sukari akipata korona "yumo katika hatari kubwa". Mimi nasomea Kiswahili, najua hayo maneno yamefunika nini. Nimeapa haitamfikia Dani. Atakayeiingiza katika boma hili, mimi na yeye.

Na ninamjua. Anaitwa Tony.

Jumanne, 13 Oktoba

Mvua. Tumegeuza omena, hao dagaa wa ziwani tunaoanika tuwauze, mara mbili, tukaifunika mara mbili.

Jumatano, 14 Oktoba

Nieleze kuhusu Tony, nisije nikaonekana mbaya bure. Ni mtoto wa baba mdogo, kwa hiyo kwetu huyo ni ndugu, si binamu. Baba yangu na baba yake walifariki kwa ule ugonjwa wa zamani, tukiwa wadogo, na Dani ndiye aliyetulea. Sasa Tony ni mwanamume, amejenga simba yake, nyumba ya kijana asiyeoa, karibu na lango kama vijana wote. Mimi ni msichana sijaolewa, kwa hiyo nalala nyumbani kwa Dani, kitanda changu na chake havitengani hata hatua. Ndivyo desturi ilivyo.

Tony ni mtu wa boda boda. Siku nzima anabeba wasiojulikana walikotoka, wanampumulia kisogoni. Barakoa yake inakaa kidevuni. Nimewahi kumwona anakula mahindi ya kuchoma, barakoa ikiwa imeshika punje zinazoanguka. Nikamwambia, "Tony, hiyo ni bakuli?" Akasema, "Sis, hiyo inaitwa akiba."

Anacheka. Atacheka mpaka lini?

Jumamosi, 17 Oktoba

Sabato. Dani amesikiliza mahubiri kwenye redio akiwa amevaa nguo yake nyeupe, kofia na yote. Amesimama hata wakati wa wimbo. Tony hakuingia kusalimu. Alisimama nje akasema "Sabato njema, Dani," halafu akaondoka. Mbona hakuingia?

Alhamisi, 22 Oktoba

Leo nimeona kwa macho yangu.

Tony alisahau simu yake, nikampelekea kwenye steji, pale boda boda wanapongojea abiria. Pale pana kibanda cha mabati, na kwenye nguzo pana msumari, na kwenye msumari pametundikwa barakoa moja, zile za hospitali. Ilikuwa ya buluu zamani. Sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Akaja mama mmoja na mzigo wa viazi, akasema hapandi pikipiki ya mtu asiye na maski. Bonface, mwenzake Tony wa boda boda, akanyoosha mkono, akaitungua, akaivaa, akampakia mama wa watu. Aliporudi akaitundika. Maneno yakaja kwamba askari wanakagua barabara ya Homa Bay, na Maxwell, mwenzao mwingine, ana mteja wa upande huo. Maxwell akaitungua ile ile, akaivaa ingali na joto la Bonface.

Nikauliza, "Hiyo ni ya nani?"

"Ya steji," Bonface akasema.

"Ya steji kivipi?"

"Ya steji ni ya steji. Kwani ile pampu ya upepo ni ya nani?"

Wakaangua kicheko. Nikawauliza kama hawaogopi kufa. Bonface akasema, "Sisi tumezaliwa Homa Bay. Homa itatufanyia nini?" Na hapo wakacheka zaidi, maana huo ni utani wao wa mwaka mzima, hawauchoki.

Maxwell aliporudi nikamuuliza kwa upole kabisa kwa nini kila mtu asiwe na yake, na aivae muda wote. Akaniangalia kama mtu asiyejua adabu. "Hata tukikaa hapa wenyewe kwa wenyewe? Nikivaa mbele ya Bonface, si nimemwita mgonjwa? Maski ni ya watu wa nje, madam. Mtu wako utamfichaje mdomo?"

Nikamgeukia Tony. Amesimama pembeni, mikono mfukoni. "Na wewe huivaa hiyo?"

"Mimi? Hapana."

Alijibu upesi mno. Mtu anayesema kweli hajibu upesi hivyo.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimemwambia Dani habari za msumari. Hakushtuka. Amesema tu, "Zamani walichangia wembe." Akaendelea kuchambua omena.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimeshona barakoa kwa mkono, za kitambaa cha pazia lililobaki, maua ya zambarau. Zina tabaka tatu kama redio inavyosema. Mbili nimempa Tony. Nimemwambia: moja uvae, nyingine ifuliwe. Ameziangalia, akasema, "Sasa nitakuwa dirisha." Lakini akazichukua.

Ijumaa, 30 Oktoba

Pazia langu nimelikuta sokoni, usoni mwa Valentine!

Valentine ni yule msichana wa saluni, mwenye midomo myekundu ambayo hata korona ilipoingia hakuacha kuipaka. Watu husema yeye na Tony wana jambo. Mimi sikutaka kujua. Leo nimejua. Nikamwambia, "Hiyo barakoa nimeshona mimi."

"Eeh, Tony alinipa," akasema bila haya. "Imenikaa?"

Imemkaa, ndiyo. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Kwa hiyo sasa mate ya Tony ni ya Valentine, na ya Valentine ni ya wote anaowasuka, na yote yanarudi langoni petu kwa pikipiki. Nimetembea hadi nyumbani nikiongea peke yangu.

Jumanne, 3 Novemba

Kuna jambo Tony analificha.

Ziwa limepanda mwaka huu likameza ufuo wote ambapo akina mama walikuwa wakianika. Kwa hiyo siku hizi Tony ndiye anayekwenda kwenye mashua alfajiri, ananunua omena, anatuletea, na sisi tunaianika hapa uani juu ya nyavu kuukuu. Zamani alikuwa anaingia na ndoo mpaka jikoni, anachota chai, anamtania Dani kuhusu wachumba wake wa ujana. Sasa anaacha ndoo langoni, anapiga honi, anaenda. Chakula nampelekea simba, na ananiambia niweke juu ya jiwe. Nikisogea anarudi nyuma.

Mtu asiye na kosa anarudi nyuma ya nini? Leo nimemsikia akipiga chafya, kisha akanyamaza ghafla kama aliyeizima nyingine kwa mkono. Nimemwambia Dani. Dani akasema, "Muache mtoto." Nikasema mtoto gani ana ndevu? Akasema, "Nyakwara, jicho lako limekuwa kali kuliko njaa." Nyakwara kwetu maana yake ni mjukuu wangu, na akiniita hivyo huwa hataki kubishana.

Alhamisi, 5 Novemba

Redio imesema jambo la maana kweli leo. Mgonjwa wa korona, hata asiyekohoa, anaweza kupoteza harufu. Pua inakuwa wazi lakini haisikii kitu. Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu. Hapa kwetu, panapoanikwa omena, asiyesikia harufu atajificha wapi?

Jumatatu, 9 Novemba

Nimempima Tony. Nilichukua kitambaa nikakichovya kwenye mafuta ya taa, nikakiweka chini ya sahani yake ya ugali juu ya lile jiwe, nikajificha nyuma ya ghala.

Akatoka. Akainua sahani. Akanusa. Akaangalia huku na huku, kisha akasema kwa sauti: "Lynnet, unataka kuniwasha moto?"

Nikatoka. Sikuwa na namna. "Unasikia harufu gani?"

"Ya mafuta ya taa. Na ya mtu mwenye kiherehere."

Amefaulu. Lakini kufaulu leo si kufaulu kesho. Nitampima tena kwa kitunguu.

Alhamisi, 12 Novemba

Leo nitaandika mengi kwa sababu nina furaha, na sijui nianzie wapi.

Chuo kilituita tuje tuchague shule za mazoezi ya kufundisha. Nilitoka mapema, nimevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, dirisha la gari nikalifungua hadi jirani yangu akalalamika juu ya nywele zake. Migori ni shida tupu. Sokoni vijana wamevaa barakoa kwenye kiwiko! Kwenye kiwiko, kama vile ugonjwa unaingilia mkononi. Msichana mmoja aliomba barakoa ya mwenzake aliyekuwa anatoka benki, akaivaa akaingia. Nikageuza uso.

Chuoni mambo yalikwenda vizuri, tulipangwa mbali mbali, Bi. Nyatichi akatusalimu kwa viwiko. Nikapata shule karibu na nyumbani.

Na Matiko alikuwa ananingoja langoni.

Sijamwandika Matiko humu kabla ya leo. Ni mwanadarasa mwenzangu, Mkuria wa Kegonga, na tangu chuo kifungwe anauza katika duka la saruji la mjomba wake hapo Migori. Tumekuwa tukipigiana simu. Si mtu wa mchezo. Darasani alikuwa wa kwanza kunawa mikono hata kabla ya korona. Tulikwenda kwenye hoteli moja ya chai na chapati, meza ya ndani kabisa kwa sababu mvua ilikuwa inaingia mlangoni. Tulikaa na barakoa zetu kama wageni wawili, chai inapoa. Halafu yeye akavua yake, akaikunja, akaiweka mfukoni vizuri. Akaniangalia.

"Lynnet. Mimi pia unaniogopa?"

Nikaona aibu. Mtu ametoka kazini, amesubiri kwenye mvua, nami namkodolea macho juu ya matambara mawili. Nikavua. Amesema ningali na kile kishimo shavuni. Tukaongea mpaka chai ya pili na ya tatu, vichwa vimekaribiana tukitazama picha kwenye simu yake: nyumba ya mama yake Kegonga, mlima, ng'ombe mmoja mkaidi. Alikuwa anakohoa kidogo, vumbi la saruji hilo, nimemwambia avae barakoa akiwa dukani angalau. Akasema kwa sababu yangu atavaa.

Wakati wa kurudi nyumbani nilivaa tena zote mbili kabla ya kuingia garini. Kumejaa watu wasio na akili siku hizi.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimeimba nikiosha vyombo. Dani ameniuliza jina lake nani. Sikumwambia.

Jumapili, 15 Novemba

Valentine amepita akimtafuta Tony. Barakoa chini ya pua. Nimemwambia hayupo, ingawa yupo.

Jumatatu, 16 Novemba

Mvua asubuhi, mvua jioni. Omena iko chini ya turubai. Kichwa kinaniuma kidogo, ni huu unyevu.

Jumanne, 17 Novemba

Mvua. Dani amesema, "Nyakwara, fungua ile omena, inaanza kunuka." Nimekwenda, nimeinua pembe ya turubai, nimenusa. Haina neno kabisa. Nimemwambia haina neno. Akasema ananusa hadi kitandani. Sasa nina wasiwasi na Dani. Je, sukari ikipanda mtu anaweza kusikia harufu isiyokuwepo? Sijasikia redio ikisema.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua. Nimechoka bila sababu, nimelala mchana. Supu haina ladha, nimeongeza chumvi mpaka Dani akaniuliza kama nina mimba.

Alhamisi, 19 Novemba

Lazima niandike haya, na niyaandike kwa utaratibu.

Asubuhi jua lilitoka. Nikakaa barazani kuota joto, macho kwenye barabara kama kawaida yangu. Akapita kijana wa kwanza na baiskeli, barakoa imefunika mdomo na pua. Nikafurahi. Wakapita wasichana wawili, wamefunika mdomo na pua, tena wanazishikilia kwa mkono. Akapita Bonface na pikipiki, amevaa ile ya msumari, imevutwa hadi chini ya macho! Nikasimama. Nilifikiri labda askari wako karibu, nikaangalia huku na huku, hakuna gari. Nikasema moyoni: Nyasaye mkubwa, watu wamesikia. Nilitaka kwenda ndani kuandika humu kwamba leo vijana wa Kendu wamepata akili.

Kisha nikaanza kushuku. Wote kwa siku moja? Na kwa nini wanazivaa wakifika kwetu? Maana Bonface alipopita mtaro wetu, niliona anaiteremsha. Wananicheka! Wamepanga steji nzima kumfanyia mzaha madam wa barakoa. Na aliyepanga ni nani kama si Tony?

Tony mwenyewe akatoka simba. Barakoa ya maua ya zambarau, imefunika vizuri kuliko siku yoyote, macho yana machozi. Nikajua anacheka chini yake. Nikamwambia, "Haya, cheka. Umefurahi?"

"Lynnet," akasema kwa mbali, "ni nini unapika?"

"Sipiki kitu."

Hapo Valentine akatokea langoni. Ameziba pua kwa barakoa na kiganja juu yake. Akapiga ukelele. "Yawa, Lynnet! Hiyo kitu imeoza! Mpaka huku barabarani watu wanatapika! Wewe husikii?"

"Kitu gani?"

"Omena!"

Nikamwambia aache upuuzi, nimeinusa mwenyewe juzi. Nikaenda kwenye turubai kuwaonyesha. Nikaishika pembe, nikaifunua yote.

Ilikuwa inatembea. Funza, tele, nyeupe juu ya samaki wale wa rangi ya fedha waliogeuka kijivu, na maji meusi yanachuruzika kwenye nyavu. Valentine alikimbia. Tony aliinama akatapika kando ya mlango wake. Mimi nikasimama pale pale. Nikapiga magoti, nikavuta hewa kwa pua, nikavuta tena. Nilisikia joto la kuoza likipanda usoni. Harufu sikuisikia. Nikachukua kiganja kizima nikakileta puani, hakuna. Ningeambiwa nimeshika mchanga ningekubali.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Tony akaniita. Nilipomgeukia aliona uso wangu na hakuuliza kitu, maana mafuta ya taa na kitunguu alivijua vilikuwa vya nini.

"Dani yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ndani. Si mnalala pamoja?"

Tunalala pamoja. Nimemsugua mguu na mafuta kila jioni, nimeonja uji wake nijue kama umepoa. Nimemwimbia.

Nikasema, "Sogea mbali nami, Tony." Akasema, "Kumbe sasa umejua."

Nilimuuliza kujua nini, naye akanieleza akiwa amesimama kule kwenye simba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Kwamba barakoa ya steji amewahi kuivaa, tena si mara moja, askari wakiwa njiani mtu hufanya nini. Kwamba moja ya zangu alimpa Valentine kwa sababu yeye hushinda amewainamia watu usoni, na alimwomba. Kwamba anajijua kuwa ni mtu wa barabarani na hajiamini hata kidogo, na ndiyo sababu tangu mwezi wa kumi hajavuka mlango wa Dani wala kumshika mkono. "Mimi nilijua niko mchafu," akasema. "Nikakuachia wewe Dani, kwa sababu wewe ndiye msafi."

Nimelia hadi koo limekauka. Nimehamia jikoni, kile kibanda cha nyuma, na mkeka wangu. Tony ameizika omena, nyavu amezikunja.

Ijumaa, 20 Novemba

Nilimpigia Matiko. Nikamuuliza tu, "Unasikia harufu?"

Akasema imeanza kurudi. Kwamba siku ile alikuwa hajisikii vizuri tangu juzi yake, mwili unauma, lakini angeniambia nisije? Tangu Machi hajaniona. Na angekaa mbele yangu amefunika mdomo, ningefikiri nini? "Ningeonekana nakushuku, Lynnet. Au ninyi watu wa ziwani mngesema Mkuria ana jambo. Nilitaka uone nakuamini."

Nikakata simu. Sina hata hasira ya kutosha kumgawia, yote nimeimaliza mwenyewe. Bure kabisa. Nilisoma kila uso wa Kendu Bay isipokuwa ule niliotaka kuutazama.

Nilimpigia mhudumu wa afya wa kijiji. Akasema nikae peke yangu, Dani asikaribiwe, na akianza kushindwa na pumzi tumpeleke Homa Bay mara moja, tusingoje.

Jumamosi, 21 Novemba

Sabato. Dani ametoka na kigoda chake, ameketi mlangoni kwake, mimi mlangoni kwa jiko, uwanja mzima katikati. Nimevaa barakoa. Tony amemvalisha yeye pia, kwa kuelekeza kutoka mbali, na amelalamika kwamba inamkunia masikio.

Akaniuliza, "Imetoka kwa nani?"

Ningeweza kusema kwenye gari, kwenye foleni ya chuo. Nikasema, "Kwa mtu ninayempenda, Dani."

Akatikisa kichwa polepole. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Baba yako pia. Na mdogo wake. Watu walisema ni chira, tumevunja miiko, wakatafuta adui aliyeturoga. Adui gani? Adui hakukaribii akakupumulia. Tuliambiwa kuna mpira, na vijana walikuwa nao, wanauvaa kwa wa njiani. Wakifika kwa wanaompenda wanavua, maana kuvaa ni kumwambia humwamini." Akakohoa kidogo, akasema ni barakoa. "Sasa ni kitambaa. Ni ule ule."

Baadaye akaniuliza kama yule kijana ana ng'ombe, nikacheka huku nalia.

Jumapili, 22 Novemba

Nimeanza kumpima kila asubuhi. Nasimama katikati ya uwanja nauliza, "Dani, unasikia harufu gani?" Leo amesema, "Ya mbuzi wa jirani, amekojolea tena ukuta wangu." Tony alithibitisha. Mungu asante.

Jumatatu, 23 Novemba

Amesema: "Uji wa Tony unaungua." Ulikuwa unaungua kweli.

Jumanne, 24 Novemba

Steji wameing'oa ile barakoa ya msumarini. Tony anasema Bonface aliichoma kwa petroli, akachoma na kidole. Leo Valentine ameleta nyingine alizoshona yeye, amewagawia mmoja mmoja, na zina majina. Kwa muda gani, sijui. Dani leo amesema anasikia vitunguu. Vilikuwepo.

Jumatano, 25 Novemba

Jibu limechelewa leo. Akasema, "Nasikia, nasikia," kama mtu aliyeamshwa. Tony alikuwa anachemsha chai. Nikauliza tena, akasema, "Chai." Kelele za sufuria angeweza kuzisikia. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 26 Novemba

Naandika upesi, tunangoja gari.

Jua kali leo. Tony alikwenda kwenye mashua akarudi na ndoo tupu, upepo uliwazuia wavuvi kutoka. Uani hamna kitu, nyavu zingali zimekunjwa, ni kuku tu wanaotembea. Moto sijawasha. Nikasimama mahali pangu nikaita.

"Dani! Unasikia harufu gani leo?"

Kimya. Nikaita tena kwa nguvu.

"Nasikia," akajibu kutoka ndani.

"Gani?"

"Ya omena." Sauti ilikuwa ndogo, na katikati ya maneno anapumzika. "Omena ya leo ni nzuri, nyakwara. Imekauka vizuri. Harufu imenifikia mpaka hapa kitandani. Sasa nenda ukale, usinisumbue."

Tony alikuwa kando yangu na ndoo yake. Tukaangalia uwanja, kisha tukaangaliana. Akaiweka ndoo chini taratibu, akaenda mbio kumtafuta mwenye gari.

Mimi nikasogea hadi mlangoni kwake, barakoa yangu juu ya pua. Nikasema, "Umesema kweli, Dani, ni nzuri sana. Vaa viatu, twende Homa Bay."

"Kufanya nini Homa Bay?"

"Kuiuza."

Nikamsikia akitafuta viatu chini ya kitanda.